Leta

Huku kwetu serikali haiitwi serikali. Inaitwa Leta.
Jina lilikuja na Wabelgiji, lilikuwa la Kifaransa,
sisi tukalisikia kwa masikio yetu,
na tangu hapo kila ikifika twajua itasema nini:
leta.

Mwaka huu ikasema itatoa.

Ikatangazwa redioni, kisha kanisani baada ya sadaka ya pili,
kisha na shefu mwenyewe, kavaa koti la mwanawe:
kila mlima mahindi barabara ya Kasenga,
kuanzia kilometa ishirini na mbili hadi mtoni,
atalipwa kwa hekta.
Mbegu, mbolea, na makuta kwenye simu.
Mama Chola, jirani yangu, akauliza hekta ni nini.
Nikamwambia ni shamba likiangaliwa na mtu asiyelima.

Agronomu akaja kwa pikipiki kutoka Lubumbashi,
kijana mpole, Kapya, viatu vyeupe.
Alipima kwa kutembea, simu mbele ya kifua
kama mtu anayetafuta mtandao.
Kwenye kichuguu akasimama.

Kichuguu cha Mama Chola kimelipita paa la kanisa.
Mgongoni kina maboga, na nyanya
zinazokubali kuzaa hata Agosti, udongo wa pande zote ukiwa umekataa.
“Hiki tunakitoa,” akasema Kapya. “Kichuguu si shamba.”
“Mwaka ule mpaka ulipofungwa,” akajibu Mama Chola,
“unga wa Zambia ukapanda bei hata tukasahau sura ya bukari,
ni hiki kilichotulisha.”
Akaandika: toa mita mia mbili.

Leta franga za picha.
Leta za mafuta, pikipiki imetoka mbali.
Leta za muhuri, wino umekwisha.
Leta kuku. Hapana, kuku hakuombwa,
aliangaliwa tu, akaangaliwa,
mpaka Mama Chola akaona haya.

Novemba mvua ikaja yenyewe, haina orodha.
Tukapanda mbegu za mwaka jana,
zile zilizolala juu ya moshi wa jiko.
Tukapalilia. Viwavi wakala sehemu yao.
Krismasi ikapita, shefu akasema subirini.

Mbolea ilifika Machi,
magunia mapya yameandikwa HAIUZWI,
na mahindi yamekwisha kuota ndevu.
Mwenye ndevu hanyonyeshwi.
Kufikia Jumamosi magunia yalikuwa soko la Kenya,
yamepangwa vizuri, maandishi yametazama ukutani.
Nani aliyauza? Sisi.
Sitaki kusema uongo katika jambo dogo.

Yakabaki makuta.
Mama Chola hana simu. Siku ya kuandikishwa
alitoa namba ya mwanawe, Musonda,
anayechimba Kolwezi, aliyetuma salamu
mara ya mwisho kabla mtoto wangu hajaanza kutambaa.
Sasa mtoto anakimbiza mbuzi.

Jumanne usiku Musonda akanipigia.
“Leta imenitumia pesa,” akasema, na alikuwa anacheka,
“mimi! Sijui kwa nini, sijalima hata bustani.”
Nikamwambia ni za mama yako.
Ni za shamba, ukitoa kichuguu.
Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia muziki, na chupa.
Kisha akasema mtandao mbaya.

Leo ni Ijumaa.
Mama Chola yuko juu, miguu mitupu,
anakata maboga pale pasipohesabiwa,
anayageuza, anayagonga kwa kidole, anasikiliza.
“Wewe mwenye simu,” ananiita bila kugeuka,
“Leta imeleta?”

Mbona kikapu hiki kimekuwa kizito,
na bado halijaingia boga hata moja?
Nakiinua juu ya kichwa ili akifikie.
“Angusha,” nasema. “Taratibu. Nimeshika.”